Majina Matatu ya Mzigo Mmoja

Mama yangu anauza lubugo. Kwa msomaji asiyeijua, lubugo ni kitambaa cha Baganda kinachotokana na gome la mutuba. Gome hubanduliwa mtini, hulainishwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka litanuke na kuwa jepesi, rangi yake kama udongo mwekundu. Mti haufi. Mahali palipobanduliwa hufungwa majani ya mgomba na gome jingine huota. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa urithi wa binadamu wote, ingawa sisi wa Mengo hatukuwa tukingoja kuambiwa. Kabaka hutawazwa akiwa amevaa lubugo, na Baganda wengi huzikwa ndani yake.

Mama hatengenezi. Hununua Masaka na kuuza kwenye kibanda chake hapa Mengo, si mbali na Bulange. Mwaka juzi mteja mmoja wa Hamburg, mpambaji wa nyumba, aliagiza mbugo 200. Hatukuwahi kupata oda kama hiyo. Mama alikopa fedha kwenye chama chao cha akiba, wanawake kumi na wanane wanaokutana kila Jumapili, akaahidi kurudisha baada ya miezi mitatu. Kisha akaniita.

"Wewe ndiye msomi. Karatasi ni zako."

Nilifurahi, nakiri. Katika ukoo wetu, kusomea Kiswahili kulionekana kama kupoteza karo. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya Buganda, na kuna wajomba zangu ambao hadi leo husema kana kwamba wino wa barua ile haujakauka: lugha ya askari, lugha ya wezi. Sasa wakala wetu wa mizigo alikuwa Mombasa, mama mmoja wa makamo, na mimi peke yangu nyumbani ndiye niliyeweza kuzungumza naye vizuri.

Kupeleka kwa ndege kulikuwa ghali mno. Kwa kuwa Uganda haina bahari, mzigo ungepanda lori zaidi ya kilomita 1,100, uvuke mpaka Malaba, ufike Mombasa na kuingizwa kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine, maana marobota manane hayajazi kontena. Nilianza kwa kosa dogo: nilimlipa seremala wa Ndeeba atengeneze kreti la mbao. Wakala alicheka. Mbao za kufungia mzigo wa ng'ambo lazima ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu na kugongwa muhuri wenye mchoro wa suke la ngano. Kreti letu halikuwa na suke wala punje. Leo kuku wanalala humo.

Baada ya hapo zikaja karatasi zenyewe. Ankara ya biashara, inayotaja bei. Orodha ya vifurushi, inayosema kila robota lina nini na uzito gani. Cheti cha asili, kinachoeleza bidhaa imetengenezwa nchi gani. Cheti cha afya ya mimea, ambacho nilikifuata Entebbe kwenye Wizara ya Kilimo, kwa sababu lubugo ni mti kabla haijawa nguo. Na tamko la forodha. Mwishoni hutoka hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita BL. Hiyo hutolewa na upande wa meli, na haitoki bila nyingine kukamilika.

Fomu zilikuwa za Kiingereza, lakini aliyezijaza alikuwa mwanafunzi wa insha. Tangu kidato cha kwanza nimefundishwa kutorudia neno moja moja, kwamba kurudia ni dalili ya umaskini wa msamiati. Kwa hiyo kwenye ankara niliandika vitambaa vya asili. Kwenye orodha ya vifurushi nikaandika mapambo ya ukutani, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mteja angevitumia. Kwenye ombi la Entebbe nikaandika magome makavu ya mutuba, na cheti kikatoka hivyohivyo. Nilijiona fundi.

Mzigo ulipokuwa tayari ghalani Mombasa, wakala alinipigia simu.

"Mwanangu, hapa nina mizigo mitatu au mmoja?"

"Mmoja, mama."

"Mbona una majina matatu? Huyu wa ankara ni nguo. Huyu wa cheti ni gome la mti. Mtu wa forodha akisoma, ataamini ipi?"

Alinieleza bila kunikemea, na hilo liliniuma zaidi. Kila bidhaa ina namba yake ya ushuru, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Namba hufuata maelezo. Maelezo yakitofautiana, anayekagua hana budi kudhani kuna kinachofichwa. Akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Basi kwa hakika, ni nguo au ni mti?"

Nilimgeukia Mama. Alikuwa akimenya matoke.

"Mwambie ni lubugo."

"Lubugo haimo kwenye mfumo, mwanangu," sauti ya Mombasa ikasema.

Ankara na orodha niliziandika upya usiku huo. Lakini tamko la forodha lilikwisha kuingia, na kulirekebisha kulihitaji ombi, maelezo na idhini. Cheti nacho hakikwaruzwi kwa kalamu. Nilirudi Entebbe kukirudisha na kuomba kingine. Meli iliondoka bila sisi. Tulingoja nyingine siku kumi na sita, na kila siku ghala liliandika gharama yake.

Miezi mitatu ya chama iliisha katikati ya kungoja huko. Jumapili ile nilimsindikiza Mama. Alisimama mbele ya wenzake akasema fedha zimechelewa kwa sababu yeye hakuzikagua karatasi vizuri. Mama yangu hasomi Kiingereza. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Hakuna mwanamke aliyegeuka kunitazama, nikajua wote wanajua.

Hati ya shehena ilifika Mengo kwa basi la usiku, nakala halisi tatu. Yeyote mwenye moja halali mkononi huweza kudai mzigo bandarini, kwa hiyo haziachwi ovyo mezani. Tulizipeleka Hamburg mteja alipomaliza kulipa, mbili katika bahasha moja na ya tatu peke yake siku iliyofuata, zisije zikapotea pamoja. Chama kililipwa, pamoja na faini ya mwezi mmoja.

Kabla ya kufunga bahasha, Mama alitaka nimwonyeshe mahali palipoandikwa mali yake. Nikaweka kidole kwenye mstari: marobota manane, vitambaa vilivyotengenezwa kwa gome la mutuba. Nikamsomea kwa Luganda. Akaniomba nimsomee na karatasi nyingine zote, mstari huohuo, moja baada ya nyingine. Nikasoma maneno yaleyale mara tano.

"Sawa," akasema. "Funga."