Ritifaa ya Ng'ang'a Si Virusi

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu kidogo sana: ile alama iko ndani ya Ng'ang'a. Shuleni tuliambiwa inaitwa ritifaa. Huku kwetu si pambo. Itoe kwa ng'ombe uone kama sauti itabaki ile ile. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa nayo, Lupita Nyong'o anayo, majirani zetu wa Murang'a wanayo. Hata jina la babangu linayo.

Ndiyo maana nimechoka kujaza fomu mtandaoni, nikiwa saiba Ruiru ama kwa simu kwenye mat ya Thika, halafu naambiwa ati "jina lina alama zisizoruhusiwa". Ukiitoa, fomu inakubali. Siku ya kulipwa, jina la kitambulisho halifanani na la mfumo, na ni wewe unatumwa urudi ukarekebishe.

Sina digrii, chuo niliacha, lakini hii shida naijua juu natengenezea maduka madogo tovuti. Seva inatoa jina lako na kulibandika ndani ya JavaScript hivi:

onclick="lipa('Ng'ang'a')"

JavaScript inaona ritifaa ya kwanza ndani ya jina, inadhani maneno yameisha hapo kwa Ng. Kinachofuata haikielewi. Unabonyeza, kitufe kimekufa.

Sasa fikiria mtu mbaya. Kwa nafasi ya jina anaandika ritifaa, anafunga mabano, halafu anaweka amri yake. Brauza ya kila anayebonyeza kitufe hicho inaitekeleza, ikidhani ni mwenye tovuti ameiandika. Mwaka 2005, Samy Kamkar alipenyeza msimbo kwenye wasifu wake wa MySpace. Kabla siku iishe, ulikuwa umejinakili kwa wasifu zaidi ya 1,000,000.

Kwa hivyo hofu ya madeveloper naielewa. Lakini kukataza ritifaa ni uvivu, na bado haikulindi, juu mashambulizi mengine hayaihitaji kabisa.

Dawa iko. Kama unatumia PHP, usibandike jina ndani ya onclick. Liweke kwa data-jina="…", ukilipitisha kwanza kwa htmlspecialchars, kisha JavaScript ilisome kwa dataset.jina. Jina linabaki jina, haligeuki amri. Ukilazimika kuliweka ndani ya script, tumia json_encode na JSON_HEX_TAG, na usiongeze alama zako za kunukuu, inakuja na zake. Na htmlspecialchars peke yake ndani ya onclick haitoshi: brauza inairudisha kuwa ritifaa kabla JavaScript ianze kusoma.

Hiyo ni kazi ya dakika chache. Ukijenga tovuti ya watu wa hapa, usiijaribu na John Smith. Anza na Ng'ang'a wa Murang'a. Akikwama, shida ni msimbo wako, na wewe ndiye wa kurekebisha. Mzee wa watu muache na jina lake.