Sina Picha ya Lenana, na Niko Sawa

Wacha niseme mapema ndio msiningojee na picha: sikufika Point Lenana. Niligeuka nikiwa naiona.

Tulikuwa wanne. Mimi wa Meru, beshte yangu wa Embu, na wasichana wawili tuliosoma nao chuo. Mimi na huyu wa Embu tumebishana miaka kuhusu mlima ni wa nani. Kwetu tunauita Kirimaara. Kwao unausimamia asubuhi nyuma ya mashamba ya chai kabla mawingu hayajaufunika, na anaongea ni kama babu yake ndiye aliuweka hapo. Tukaamua ubishi tutaumalizia juu.

Tuliingia kwa geti ya Sirimon, tukalala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tukapanda bonde la Mackinder hadi Shipton, mita 4,200. Piga hesabu: mita 900 kwa siku moja. Ushauri wa wanaojua ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale juu kuliko jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Hayo nilikuwa nimesoma. Lakini pesa yetu ilikuwa ya siku tatu, na sisi si ni vijana?

Jioni hiyo beshte yangu alikataa chakula. Ati ameshiba. Huyu ni mtu humaliza chapati nne halafu anauliza kama zimebaki. Nilijua kuna kitu. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ile video ya jua likichomoza, na nilitaka awe ndani.

Tulianza saa tisa usiku. Kutoka Shipton hadi Lenana, mita 4,985, ni mita 785 za kupanda, na giza linafanya zikae kama ukuta. Ni kokoto tupu: unapiga hatua mbili, unateleza moja. Maji yalianza kuganda kwa chupa. Huko juu, kila pumzi inakupa oksijeni nusu na kidogo tu ya ile ungepata Mombasa.

Karibu mita 4,600 nikaona tochi yake inayumba. Nikadhani ni uchovu. Kiongozi wetu akarudi, akachora mstari chini kwa kiatu, akamwambia atembee juu yake, kisigino kwa vidole. Hatua tatu zilimshinda.

"Huyu anashuka sasa hivi," kiongozi akasema. Msaidizi wake angemshusha. Sisi wengine tulikuwa huru kuendelea.

Beshte yangu akaniambia, "Enda bana. Utanionyesha video."

Sitawadanganya, nilisita. Niliangalia juu, nikaona taa za watu zimejipanga hadi kwa nyota. Halafu nikakumbuka zile chapati. Nilikuwa nimejua tangu jioni. Wasichana wakaendelea, nami nikageuka.

Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, kwa hivyo hatukukaa Shipton. Jua lilitupata bondeni katikati ya lobelia, akiwa ameshikilia bega langu, akirudia swali moja. Kadiri tulivyoshuka, ndivyo maneno yake yalivyoanza kueleweka. Tulipofika Old Moses akaomba chai.

Sasa, maoni yangu ni haya. Tumefanya kilele kiwe kama mtihani wa kitaifa: bila picha, umefeli. Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya mlimani mwaka 1963, nchi nzima ilikuwa inangoja. Mimi nilikuwa nangojwa na nani? Wafuasi wangu walikuwa wamelala.

Ukipanga kwenda, ongeza siku moja ya kupumzika, hata kama itabidi muahirishe safari mchange zaidi. Kichwa kikiuma, sema. Na rafiki yako akikataa chakula, usikubali jibu la kwanza. Mlima hauhami.

Wiki mbili baadaye nilienda kwao Embu nikamwambia ukweli, kwamba nilijua na nikanyamaza. Alikaa kimya kidogo.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Na pia nikanyamaza."

Halafu akageukia jikoni, akamuuliza mamake kama chapati zimebaki.