Siku sita bila mtandao: najiandaa kwa Mlima Kenya

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu na hifadhidata, lakini leo nivumilieni kidogo. Nataka kuongea juu ya hema, soksi na baridi.

Mwisho wa Januari, Mungu akipenda, mimi na mdogo wangu tutaupanda Mlima Kenya. Tunaingia lango la Sirimon na kutokea upande wa Chogoria: siku sita, usiku tano ndani ya hema. Mimi sijawahi kulala porini zaidi ya usiku mmoja, na hata huo mmoja gari lilikuwa hatua kumi kutoka kitandani!

Nina rafiki Marekani, jimbo la Montana, ambaye kila mwaka huingia msituni wiki nzima kuwinda. Nilipomwambia habari hii aliniuliza nitawinda nini. Nikamweleza kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mimi nawinda kwa kamera. Windo langu ni chozi wa mlimani, yule ndege mdogo anayefyonza maua ya lobelia kule juu kwenye baridi. Akacheka, halafu akanitumia orodha yake ya maandalizi. Nilidhani bunduki itakuwa ya kwanza. Wapi! Ya kwanza ilikuwa: "Mtu anayejua siku na saa utakayorudi."

Basi nikafanya kile ambacho sisi watu wa kompyuta hufanya. Nikafungua lahajedwali.

Jambo la kwanza kunishtua lilikuwa mwinuko. Lango la Sirimon liko kama mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Old Moses ni mita 3,300, ya Shipton ni 4,200, na kilele cha Lenana ni 4,985. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900! Mpango wangu wa awali ulikuwa wa siku nne. Ndiyo maana sasa ni sita: usiku mbili Old Moses, mbili Shipton, na wa mwisho tukishateremka upande wa Chogoria.

La pili ni chakula. Nilikuwa nimeandika githeri kila jioni. Lakini kule Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiweka maharagwe mabichi yatachemka hadi gesi iishe na bado yatalia kama kokoto mdomoni. Githeri nimeifuta. Tutabeba chapati, nduma zilizochemshwa nyumbani, uji, na njugu.

La tatu linaniaibisha, maana ni kazi yangu. Nilinunua ramani ya zamani ya karatasi ya Survey of Kenya, nikachukua namba za vilele na kuziingiza kwenye simu. Tukaenda kufanya mazoezi Ngong, tukianzia upande wa mjini kuelekea kusini. Nimesimama juu ya kilele cha juu kabisa, mita 2,460, mkono uko kwenye jiwe, na simu inaniambia nimekipita, kiko mita mia tatu nyuma yangu.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "kati yako na simu, nani amepotea?"

Simu haikuwa na kosa. Ramani zile za zamani zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, na GPS hutumia WGS84. Namba zilezile, dunia mbili tofauti, na kwetu huku tofauti ni kama mita 300. Pale Ngong ni kichekesho. Kwenye ukungu, juu ya bonde, ni mtu kutafuta njia mahali penye jabali. Nimezibadilisha namba zote moja baada ya nyingine, na ramani ya karatasi inakwenda mkobani pamoja na dira. Simu itakaa hali ya ndegeni, kwa maana GPS haihitaji mtandao, na usiku italala nami ndani ya mfuko wa kulalia kwa sababu baridi hudhoofisha betri.

Kisha tukapima mkoba kwa mizani ya duka la nyama la jirani. Kilo 21! Nne kati ya hizo zilikuwa nyaya, pawabenki tatu na lenzi. Nimebaki na pawabenki moja na lenzi moja. Sasa umepungua uzito.

Nikaona nimemaliza. Nikampigia mwongozaji wetu, mzee wa Nanyuki aliyeujua mlima kabla mimi sijazaliwa, nikamsomea lahajedwali lote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kijana wangu, umepanga kufika vizuri sana. Umepanga kurudi saa ngapi kama hamjafika?"

Sikuwa na jibu.

Mwaka 2019 mwenzangu wa kazini alipanda mlima kwa haraka. Siku ya pili kichwa kilimpasuka akanyamaza, hakutaka kuwachelewesha wenzake. Usiku huo waliteremka naye akiyumba kama mlevi. Alipona. Lakini mdogo wangu ni mtu wa aina hiyohiyo, na mimi pia. Mama anatujua, ndiyo maana haulizi tutafika wapi, anauliza tu nani atamwangalia mwenzake.

Kazini siweki toleo jipya kwenye seva bila kuandika kwanza jinsi ya kurudisha la zamani, na huandika nikiwa mtulivu, maana saa nane usiku mambo yakiharibika akili haifanyi kazi. Sasa mlimani ningeamua saa ngapi?

Kwa hiyo tumeandika kwenye karatasi, tukatia sahihi wote wawili. Kila asubuhi na jioni tunaulizana juu ya kichwa, tumbo na usingizi, na kuficha ni kusema uongo. Mmoja akiyumba au akichanganyikiwa, tunashuka saa ileile, hata kama ni usiku. Siku ya Lenana, saa mbili asubuhi ikitukuta hatujafika kileleni, tunageuka. Mzee ndiye mwamuzi wa mwisho. Nakala moja anayo Mama, pamoja na siku na saa ya kumpigia, na namba za kupiga yeye kama tukichelewa.

Ndiyo karatasi nyepesi kuliko vyote mkobani.

Haya, viatu vipya bado vinanibana kisigino. Acha nikavitembeze hadi dukani na kurudi.