Ziwa Baada ya Mafuriko

Aprili 2025, mto Ohio ulipofurika hapa Louisville, tuliahirisha safari yetu ya kuvua samaki. Mwezi Juni dada yangu alikuja na wanawe kutoka Columbus, mjomba akatoka Buffalo, tukaenda Ziwa Taylorsville. Si ziwa la asili: ni bwawa lililojengwa kwenye mto Salt ili kupunguza mafuriko. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya chai ya maziwa, na magogo machache bado yakielea.

Mjomba, mzaliwa wa Uvira, alikataa jaketi la kuokolea. "Mimi nimekulia Tanganyika," alisema.

Binti yangu wa miaka tisa akaanza kuvua lake. "Basi na mimi sivai, babu."

Mjomba akanyamaza, akavaa. Tulipofika katikati, kayaki yake ikagonga gogo lililozama, ikapinduka. Aliibuka akikohoa, kofia imekwenda. Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika ufukweni.

Jioni tulichoma kambare wawili. Kwa watakaokwenda: Kentucky inadai leseni ya uvuvi kuanzia miaka 16. Jaketi ni la kila mtu, hata aliyezaliwa kando ya ziwa.