Ditekta ya dhahabu na bodaboda ya mdogo wangu

Wadau, hapa kwetu Buguruni wiki hii hakuna habari nyingine. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anataka kuuza bodaboda anunue ditekta, aende Chunya kutafuta dhahabu. Pikipiki hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba na ada ya dada yake, kwa hiyo si utani.

Dhahabu Chunya ipo, hilo sibishi. Iligunduliwa Lupa mwaka 1922, na mwaka 2019 serikali ikafungua soko la madini pale Chunya. Wapo wanaookota vipande kwa ditekta.

Kinachonitia shaka ni lile onyesho la muuzaji. Alifukia pete kwenye ndoo ya mchanga, akapitisha mashine juu, ikalia tiii! Majirani wakashangilia. Jamani, pete! Ile sahani ya chini ya mashine hurusha nguvu za sumaku ardhini, chuma kikizipokea kinapata umeme kidogo, na mashine husikiliza mwangwi wake. Kwenye pete umeme unazunguka bila shida, kwa hiyo lazima ilie. Punje ya dhahabu ndogo kama mchele haina kelele hiyo, na ikizama kidogo tu haisikiki.

Halafu kuna udongo wenyewe. Mfinyanzi mwekundu umejaa chuma, nao unaitikia. Mashine inanguruma kila hatua. Ukiipunguza makali ili itulie, umezifukuza na zile punje ndogo ulizozifuata. Mvua ikinyesha, ndiyo kabisa. Na haijui dhahabu ni nini: inalia kwa msumari, kopo, kizibo cha soda. Kuchimbua kizibo kwenye mfinyanzi mkavu ni jasho la nusu saa (asubuhi nzima unaweza kupata vizibo vya kreti). Bado hujazungumzia leseni, maana eneo lenye dhahabu mara nyingi lina mwenyewe, na yeye anataka mgawo wake.

Nimemwambia tujaribu upya: kipande cha risasi ya mshipi wa kuvulia, saizi ya mchele, kifukiwe kwenye udongo mwekundu. Siyo mchanga, wala ule udongo mweupe wa Pugu usio na chuma kingi.

"Braza, wewe unaogopa hela," kanijibu, kanuna.

Muuzaji anasema ana mteja mwingine Jumamosi. Kama kuna mdau aliyewahi kushika mashine hii Chunya au Geita, naomba aniandikie kabla ya hapo.