Kuketi Kwanza na Kuhesabu



Wapendwa, juma lililopita tuliwapokea mume na mke wa parokia yetu (twasimulia kwa ruhusa yao). Walikuwa na shilingi milioni 60, jasho la miaka mingi, na nyumba waliyoitamani iliuzwa kwa milioni 60 hizo hizo. Tukawauliza kama wameketi kuhesabu gharama, mithili ya yule mwenye kujenga mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14. Wakanyamaza.

Tukachukua karatasi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni karibu shilingi 600,000. Yapo malipo ya wakili, ya mthamini, ya upekuzi wa hati kwa Msajili, na ya dalali, ambaye hasahau kamwe. Muuzaji naye hudaiwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata. Lakini wauzaji wengi humtwika mnunuzi mzigo huo, na hati haihamishwi kabla kodi haijalipwa. Sisi tunaolala nyumba ya parokia bila kulipa pango tulijiona wataalamu kwelikweli!

Ndipo baba akasema, “Padre, pengo hilo nimeliziba. Nimepata mteja wa kanyumba ketu.”

Mama hakuwa na habari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa pasipo ridhaa ya mwenzi, nasi tukamweleza baba hivyo; lakini macho ya mama hayakuwa yakiuliza habari za sheria. Hesabu yetu iliishia hapo.

Karatasi ile aliondoka nayo mama. Watarudi Alhamisi, baada ya Misa ya jioni. Tuwaombee.