Kwa Bhoke, juu ya hiyo tiba ya macho

Mugumu, Serengeti
9 Machi 2025

Mwanangu Bhoke,

Goti bado linamsumbua mama yako lakini shamba la mihogo amelimaliza. Bibi yako mdogo Ghati ameoa, mambo yetu yale ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, kwa hiyo mwaka huu ukoo umepata harusi isiyo na bwana harusi. Mengine Nyangi atakusimulia.

Huyo Nyangi ndiye aliyenishikisha kalamu. Alikuja kwenye msiba mmoja huku, akanivuta nyuma ya jiko, akaniambia kwamba huko Nairobi unakwenda kwa mtu anayekupungia vidole mbele ya macho huku wewe ukikumbuka ya nyumbani. Akasema tangu kikao cha pili hulali, kwamba siku moja ulishuka kwenye matatu ukajikuta mtaa usioujua, na kwamba usiku unajitibu mwenyewe kwa kufuata kitone kinachokimbia kwenye simu. Baba yako amesikia nusu ya hayo na anasema umeingia kwenye mazingaombwe, tena ya kulipia. Mimi sisemi hivyo. Lakini hicho kikao cha pili kimeninyima raha.

Nisikilize kama shangazi, halafu kama muuguzi. Nilisomea hospitali ya Mirembe, Dodoma, wakati kaka zangu wanasema binti wa Kikurya anayekwenda kuuguza wendawazimu hatatolewa hata ndama. Mshahara wangu ndio uliokuja kutoa ng'ombe wa kumwolea mama yako, jambo ambalo baba yako halitaji vikaoni. Basi ninayokuandikia sikuyaokota njiani.

Tiba hiyo ni tiba ya kweli, na jina lake la kifupi ni EMDR. Iliasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, akaona mawazo yanayomkera yanapungua makali macho yake yanapokwenda huku na huko. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaitaja katika miongozo yake kuwa mojawapo ya tiba za kiwewe, kwa watu wazima na kwa watoto. Wataalamu wanabishana hadi leo kama macho yenyewe yana kazi yoyote. Wapo wanaosema kinachoponya ni kule kukumbuka mahali penye usalama, mbele ya mtu anayejua anachofanya. Wapo wanaosema akili ikipewa kazi mbili kwa wakati mmoja, ya kukumbuka na ya kufuata kidole, ile kumbukumbu hukosa nafasi ya kuwaka kama zamani. Wengine hawagusi macho kabisa, wanamgonga mtu viganja kwa zamu, kulia na kushoto. Ubishi huo nawaachia wao. Mimi ninachoshika ni hiki: tiba hiyo ina hatua nane, na kuiendea kumbukumbu mbaya kwa vidole ni hatua ya nne.

Zinazotangulia ni kusikiliza historia yako, kukuandaa, na kuchagua pamoja mtaanzia wapi. Sasa wewe, kikao cha pili, tayari umerudishwa kwenye ile Desemba ya 2014? Nani alikuandaa, na kwa muda gani?

Kama ungekuwa umepata ajali moja ya basi, pengine nisingeandika. Yako ni marundo. Nyumba yenu iliungua kwenye mapigano ya koo ukiwa hujaanza shule. Fimbo za baba yako unazijua kuliko mimi. Kisha, Desemba ile, wazee wa inchama, baraza la mila, wakatangaza msimu wa kukeketa, nawe ukakimbia usiku hadi kituo cha hifadhi cha Masanga, na msimu ulipokwisha, wenzako wakafuatwa na wazazi waliotia sahihi kwamba hawatawakeketa, wewe ukabaki ukitazama lango mpaka nilipokuja mimi. Halafu miaka ya kuitwa msagane, yaani asiyekeketwa, na watoto wa shangazi zako wengine, kana kwamba sheria ya mwaka 1998 iliyokataza kuwakeketa wasichana haijafika Tarime. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inakitambua kiwewe cha namna yako kama ugonjwa wa peke yake: juu ya jinamizi na kushtukashtuka, mtu hushindwa kutuliza hisia zake, hujiona hana thamani, na kukaa karibu na watu humwia vigumu. Nilipoyasoma niliona kama mtu ameandika ripoti yako ya shule.

Na kuna lile la kuondoka. Kwangu Mugumu ulikuwa ukikaa mezani macho wazi, naita jina lako, husikii, chai inapoa. Bado inakutokea, maana hiyo habari ya matatu ni hiyo hiyo. Mshauri asiyekuuliza habari za kuondoka kabla ya kuanza asikuguse. Mtu wa namna hiyo akiharakishwa, huondoka akaenda mbali zaidi.

Nikueleze habari za baba yako mkubwa Mwita, kwa sababu wewe ulimjua akiwa mzee wa kahawa na mizaha. Mwita alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Alivuka mto, akafika Lukaya, Uganda, Machi 1979, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi, na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili alikuwa hai. Alirudi na redio na kimya. Alilala nje ya nyumba, panga chini ya mkeka, na hakuna aliyeruhusiwa kumwamsha kwa kumgusa. Lakini alilima, alichunga, alikula. Alikuwa amejipangia namna ya kuishi nayo.

Miaka michache baadaye akaja mhubiri kutoka mbali, mkutano wa wiki nzima uwanjani. Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Usiku wa mwisho mhubiri akaita wenye mizigo wapande jukwaani, na Mwita, ambaye hakuwa amesema neno juu ya Uganda hata kwa mkewe, akapanda. Mhubiri akamwambia, toa yote, usibakize. Akatoa. Alisema mbele ya wake za watu na watoto mambo ambayo sitayaandika hapa. Watu walilia, wengine wakapiga vigelegele, mhubiri akamshika kichwa akasema ndugu huyu yuko huru. Asubuhi mhubiri akapanda basi.

Mwita hakulala tena. Aliwasikia watu darini. Alimpiga mkewe akidhani ni mtu mwingine, akaenda zizini akakata mguu wa dume la marehemu babu, na ndugu zake wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe. Jipu hupasuliwa likiiva, na anayepasua sharti awe na pamba mkononi na kesho aje kubadili bendeji. Yule alipasua akaenda zake, na hadi leo naona watu wa hapa wanamsifu kwamba alikuwa na upako.

Kilichomrudisha Mwita kilikwenda polepole, na hakikuwa na jukwaa. Kulikuwa na askari mstaafu aliyepigana naye, mtu wa upande wa Nyamwaga. Alikuja, akakaa. Hakuuliza habari za vita hata kidogo. Walipogoa kahawa, wakachimba mashimo ya migomba, wakasikiliza mpira kwenye ile redio. Kwanza usingizi ulirudi, halafu hamu ya chakula. Ndipo, msimu mwingine kabisa, Mwita akaanza kusema kipande, anasimama, wanarudi kwenye kahawa. Kipande kingine wiki nyingine. Mzee yule hakusoma darasa la saba, lakini nilipokaa Mirembe kwenye somo la kumwandaa mgonjwa, nilimwona yeye ubaoni.

Kwa hiyo, Bhoke, sikuambii uache. Baba yako ndiye anayetaka uache, kwa sababu anaogopa jina lake litatajwa chumbani kwa Mkenya. Acha litajwe. Nakuambia urudi kwa huyo mshauri wako umwombe mrudi nyuma, hatua ya pili, mkae hapo hata miezi kama ni lazima. Muulize alisomea wapi tiba hii na nani anamsimamia. Muulize mna alama gani ya mkono ya kusema basi, na ukiinua mkono anasimama au anakuhimiza. Muulize ukitoka kwake umevurugika utampigia nani usiku. Akikasirika kwa maswali hayo umepata jibu lako, tafuta mwingine. Nairobi wapo waliofunzwa. Akijibu vizuri, mpe salamu zangu na heshima zangu.

Cha kwenye simu kifute leo. Anayekupungia vidole anautazama uso wako na anaona unapoanza kuondoka. Kitone hakioni kitu. Ukitaka cha kufanya peke yako usiku, mwombe akufundishe ule mkumbatio wa kipepeo: mikono inapishana kifuani, unajigonga mabega kwa zamu, polepole. Lucina Artigas aliubuni kwa ajili ya watu wa Acapulco, Mexico, baada ya kimbunga Pauline cha mwaka 1997. Utumie kujituliza tu, usiutumie kuitafuta ile Desemba.

Bia si dawa ya usingizi. Kazi usiiache. Baba yako akikuomba tena pesa ya ng'ombe, mwambie azungumze na mimi. Mama yako mpigie Jumapili, anajifanya hajali lakini anakaa na simu mapajani. Na usimweleze Nyangi kila kitu, kwa maana kama yamenifikia mimi nyuma ya jiko, ujue Tarime nzima yamefika.

Kikao chako kijacho, nimesikia, ni Alhamisi. Usiende kabla hujanipigia. Na kama unaona huwezi kusubiri, panda gari la Isebania, nitakuja kukupokea mpakani Sirari, ukae kwangu mpaka usingizi urudi. Nauli nitatuma. Nijibu kabla ya Jumatano.

Shangazi yako,
Wankuru